Ahadi na Buni: Karagwe na Kyerwa Mbele ya Marais

Wahenga wa mwambao walisema kwamba ahadi ni deni, lakini hawakutaja deni hilo hudaiwa mbele ya kadhi gani. Katika mambo ya mahari, ya chombo na ya biashara ya dukani, pengine haikuwapo haja ya kutaja, kwani mdai na mdaiwa walisali msikiti mmoja na wakanunua samaki soko moja. Ahadi ya mtawala ni jambo jingine. Hutolewa jukwaani mbele ya maelfu, na mtu ambaye kesho yake yumo katika mkoa mwingine akiahidi mengine. Naye aliyeahidiwa hana hati mkononi ila kumbukumbu yake. Kwa hivyo inafaa ahadi ya namna hiyo itazamwe mahali ambapo kumbukumbu ni ndefu. Mahali hapo ni Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi ya Tanzania, ambako mto Kagera unapinda ukaitenga nchi na Rwanda upande wa magharibi, kisha na Uganda upande wa kaskazini.

Msomaji wa pwani asiidhanie Karagwe kuwa nchi ya ugenini. Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Kaze, ndiyo Tabora ya leo, ilikuwa na tawi lililopanda kaskazini mpaka Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika Orugundu. Karibu na makao hayo palikuwa na kituo cha Waarabu na Waswahili kilichoitwa Kafuro, ambako pembe za ndovu zilibadilishwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Henry Stanley alipofika huko mwaka 1876 alimkuta mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim ameshafanya maskani. Kabla ya hapo Musa Mzuri, Mhindi Mwislamu wa Kaze, alikuwa amemsaidia Rumanyika katika ugomvi wa urithi baina yake na nduguye Rogero. Kiswahili, basi, kilifika Karagwe kabla ya bendera yoyote ya Ulaya.

Na pamoja na Kiswahili ikafika ahadi ya mgeni. John Hanning Speke aliingia Bweranyange mwezi Novemba 1861, akiongozwa na watu wa misafara kama Sidi Mubarak Bombay, akapokewa kwa ukarimu alioukumbuka maisha yake yote. Alipoondoka Januari 1862 kwenda Buganda alimwacha mwenzake James Grant chini ya ulinzi wa Rumanyika, kwa kuwa Grant alikuwa hajiwezi kwa ugonjwa wa mguu. Speke alikuwa amejitolea kuwachukua watoto wa Omukama akawasomeshe Uingereza. Hakuna mtoto aliyekwenda. Rumanyika alimtunza Grant. Upande wa pili wa mapatano hayo ulibakia katika karatasi za msafiri.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi mbili juu ya maneno na vitendo ambazo mpenzi wa ushairi hawezi kuzipita bila kusimama. Ya kwanza ni ile ya kujisifu mbele ya mtawala, iliyoenea katika ukanda wote wa Nkore, Karagwe na Buhaya, na ambayo kule Nkore tungo zake huitwa ebyevugo. Shujaa alisimama mbele ya hadhira, mkuki mkononi, akajitaja kwa majina ya sifa na kuyahesabu aliyoyatenda: vita aliyosimama wenzake walipokimbia, ng'ombe aliowarudisha zizini. Mugyabuso Mulokozi, mshairi na mtaalamu aliyezitafiti tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa enanga, ameonesha jinsi fasihi ya ukanda huo ilivyokuwa shughuli ya watu wazima, yenye kanuni na yenye wakosoaji wake. Katika kujisifu huko kitendo kilitangulia na neno likafuata. Aliyesimama na kuyataja asiyoyafanya alikuwa mbele ya watu waliokuwapo vitani. Mgombea wa leo naye husimama mbele ya hadhira, tena kwa ufasaha usiopungua, lakini utaratibu umepinduliwa: neno linatangulia, na kitendo hungojwa.

Desturi ya pili ni ya buni. Katika nchi za magharibi ya Ziwa Nyanza kahawa ilitafunwa karne nyingi kabla ya kunywewa. Buni changa zilichemshwa pamoja na majani ya kunukia, zikakaushwa, zikawekwa tayari kwa mgeni kama vile tambuu huku pwani. Ndani ya tunda moja huwamo punje mbili zilizolaliana uso kwa uso, na watu wawili waliotaka kufunga udugu wa damu, omukago, walizigawana punje hizo, kila moja ikapakwa damu ya mmoja na kumezwa na mwenzake. Tangu hapo neno la mmoja lilikuwa ndani ya mwili wa mwingine. Aliyelivunja aliogopa kwamba punje ile ingemdhuru tumboni. Ni mapatano yasiyokuwa na karatasi, lakini yalikuwa na mdai asiyelala.

Watawala wa jadi waliondolewa madaraka kisheria mwaka 1963, na tangu hapo neno lililotazamiwa Karagwe likawa ni neno la Rais. Katika enzi ya Mwalimu Julius Nyerere, kwa kusema kweli, hakukuwa na ahadi ya kampeni kwa maana ya leo. Chini ya chama kimoja, kuanzia 1965, mpiga kura aliulizwa kuhusu Rais jambo moja tu, ndiyo au hapana. Na mgombea asiye na mpinzani hana haja ya kunadi. Hata hivyo Mwalimu aliahidi, na ahadi yake moja ilikuwa na sifa ambayo zilizoifuata aghalabu zimeikosa: ilikuwa na tarehe. Mwaka 1971 ulitangazwa mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi karibu na nyumbani kwake, ifikapo 1991. Mwaka 1991 ulifika na maji hayakufika vijiji vingi, vya Karagwe vikiwamo. Lakini kila mtu aliweza kusema kwa yakini kwamba ahadi haikutimia, na hiyo ni heshima fulani kwa aliyeahidi, kwa kuwa alikubali kupimwa.

Kuhusu kahawa, zao lililowavisha na kuwasomesha Wanyambo, enzi hiyo ilichukua zaidi ya ilivyoahidi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima na kazi yake kupewa mamlaka za mazao, mpaka sheria ya 1982 ilipofungua njia ya kuvirudisha. Katika zama za Ali Hassan Mwinyi, mwaka 1990, Karagwe ilijitenga na chama kikuu cha Kagera, KCU, ikapata chama chake, KDCU, ambacho hadi leo eneo lake ni Karagwe na Kyerwa. Kisha, kuanzia msimu wa 1994/95, soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Yote hayo yaliamuliwa juu na kushuka chini. Wala hakuna aliyeyaombea kura Kayanga.

Kura zikaanza kuombwa mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu 1965. Ada ya shule za msingi ikaondolewa 2001 na kodi ya maendeleo, iliyozoeleka kwa jina la kodi ya kichwa, 2003, katika awamu ya Benjamin Mkapa. Ni mambo mawili yaliyoingia kila kaya kuanzia Kilwa hadi Nkwenda, na ambayo hayakutajwa sana kwa kuwa yalikuwa ni ya kuondoa. Siasa hupenda kinachosimama na kuonekana, nacho kilichoondolewa hakina jiwe la msingi.

Jakaya Kikwete aliingia 2005 kwa asilimia 80 ya kura na kwa kibwagizo cha maisha bora kwa kila Mtanzania. Neno kibwagizo limetumika hapa kwa maana yake ya kishairi: ule mshororo unaorudi kila baada ya ubeti, ambao hadhira yote huitikia, na ambao uzuri wake ni kutobadilika hata beti zikitangatanga. Maisha bora hayana kipimo, na kwa hiyo hayawezi kusemwa kwamba yametimizwa wala kwamba yamevunjwa. Lakini ndani ya beti palikuwamo vitu. Kulikuwamo fedha za mikopo za mwaka 2006, zilizopata jina la mabilioni ya JK, shilingi bilioni moja kwa kila mkoa wa Bara. Mkoa wenye maduka mengi na mkoa wenye migomba mingi vikapewa kipande sawa, na kipande cha Kagera kikagawanywa kwa wilaya zote. Katika kampeni za 2010 ahadi zilikuwa nyingi kiasi kwamba magazeti yalianza kuzihesabu moja moja. Kura zake zikashuka hadi kupita kidogo asilimia 60.

Mwezi Machi 2012 Kyerwa ikawa wilaya, mojawapo ya 19 mpya zilizotangazwa pamoja na mikoa minne. Sensa ya mwaka huo iliikuta ina watu wapatao 321,000, na Karagwe iliyobaki ikiwa na 332,000. Kwa idadi hiyo hakuna anayeweza kusema mgawanyo haukuhitajika. Lakini wilaya mpya ndiyo ahadi nyepesi kuliko zote, kwa sababu hutimizwa kwa tangazo. Ofisi, hospitali na barabara hufuata kwa mwendo wake.

Hadithi yenyewe imo katika barabara. Kutoka Kyaka, kwenye daraja la mto Kagera, hadi Bugene, jirani na Kayanga, ni kilomita 59.1. Katika vitabu vya Wizara ya Ujenzi barabara hiyo iliandikwa pamoja na mwendelezo wake hadi Kasulo, wilayani Ngara, zaidi ya kilomita 120 nyingine. Kipande cha Kyaka hadi Bugene kiliahidiwa, kikapimwa, kikapata fedha, kikajengwa hasa katika kipindi cha pili cha Kikwete, kikafunguliwa na John Magufuli mwezi Novemba 2017. Aliyekata utepe hakuwa aliyeahidi. Wala hakuwa mgeni wa ahadi hiyo: alikuwa Waziri wa Ujenzi tangu 2010 hadi 2015, na kabla ya hapo miaka mitano chini ya Mkapa, na jimbo lake la Chato lilikuwa ndani ya Mkoa wa Kagera mpaka ulipoundwa Mkoa wa Geita. Mtu mmoja aliibeba ahadi ile akiwa waziri wa mwenzake na akaitua akiwa Rais.

Na mwendelezo? Hapa inafaa msomaji aisikilize lugha, kwa kuwa serikali nayo ina bahari zake za tungo. Ahadi ya barabara kwanza huwa imepokelewa. Kisha hufanyiwa upembuzi yakinifu, maneno mawili mazuri ambayo mwanakijiji wa Kyerwa ameyajua kabla ya kumwona mhandisi. Baada ya upembuzi hufuata usanifu wa kina. Baada ya usanifu, Serikali inatafuta fedha. Fedha zikipatikana, taratibu za manunuzi zinaendelea. Na wakati wote huo barabara itaendelea kufanyiwa matengenezo ili ipitike majira yote. Kila ngazi ni ya kweli na ina kazi yake, kwani hakuna barabara ya lami isiyohitaji usanifu. Lakini ngazi hizo zina faida nyingine: kila mwaka waziri anaweza kusimama bungeni akasema neno jipya kuhusu barabara ileile, na asiwe amesema uongo. Barabara ya Omugakorongo kupitia Kigarama hadi Murongo, zaidi ya kilomita 100, ambayo ndiyo mshipa wa Kyerwa, ilipita katika ngazi hizo zote, mwaka baada ya mwaka, wakati marais wakibadilika. Mikataba ya kuanza kwa vipande, kwenye barabara hiyo na kwenye ile ya Bugene hadi Kasulo, ilikuja katika awamu ya sita. Kati ya Agosti 2023 na Desemba 2024 Waziri wa Ujenzi alikuwa Innocent Bashungwa, mbunge wa Karagwe. Watu wa huko hawakushangaa kuona karatasi zikienda kasi zaidi. Huenda walilostahili kushangaa ni kwamba yalihitajika hayo.

Maji yana safari inayofanana na hiyo. Ziwa Rwakajunju limo Karagwe yenyewe, na mradi wa kuyapandisha maji yake hadi mji wa Kayanga na vitongoji vyake ulitajwa katika majukwaa ya awamu zaidi ya moja. Fedha hatimaye zilitoka India: mkataba wa mkopo wa dola milioni 500 ulitiwa saini 2018, na mwezi Juni 2022 ikatiwa saini mikataba ya ujenzi kwa miji 28. Katika orodha hiyo Kayanga imekaa pamoja na Kilwa Masoko na Pangani, na Zanzibar nayo ilikopa fedha za maji kutoka benki hiyohiyo. Miji miwili ya pwani na mji mdogo wa migombani ilikuwa ikingoja kitu kimoja, kwa miaka ileile, bila kujuana.

Si haki kusema kwamba marais hawatimizi. Magufuli aliahidi 2015 kwamba elimu itatolewa bila ada hadi kidato cha nne, na Januari 2016, miezi miwili baada ya kuapishwa, ada na michango ya lazima ilikuwa imefutwa. Ni ahadi chache katika Afrika ya Mashariki zilizotimizwa kwa kasi ya namna hiyo. Watoto wa Kyerwa waliokuwa wakibaki nyumbani wakachunga mbuzi walimiminika darasa la kwanza, na madarasa hayakuwatosha. Kwa maana nyingine, ahadi ilitimizwa na Ikulu, lakini uzito wake ukabebwa na mwalimu mmoja mbele ya watoto wengi mno. Katika kampeni ileile aliahidi shilingi milioni 50 kwa kila kijiji na mtaa. Hiyo ilikuwa ahadi iliyo wazi kuliko zote, yenye tarakimu, ambayo hata asiyesoma angeweza kuidai. Vijiji viliunda vikundi, vikafungua akaunti, vikangoja. Fedha hizo hazikuja. Mwaka 2020 kampeni nyingine ilianza na milioni 50 hazikuzungumzwa tena, naye Magufuli akatangazwa mshindi kwa asilimia 84.

Linganisha mambo hayo na kahawa. Hakuna mgombea aliyefika Karagwe au Kyerwa bila kuitaja. Mkulima wa huko huvuna robusta, huianika na maganda yake, na fedha zake nyingi humjia mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Lakini mtoto huugua kabla ya mavuno, na msiba hauna msimu. Ndipo inapokuja butura. Butura ni kuiuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa ni maua tu. Mwenye fedha humpa mkulima kiasi anachohitaji leo, na mkulima humwahidi kahawa ya shamba lake kwa bei iliyo ndogo sana kuliko ya siku ya mavuno. Ni ahadi, basi, na ni ahadi ya aina kamili: ina pande mbili, ina kiasi, ina wakati. Na hutimizwa. Mnunuzi hufika shambani kabla ya mkulima hajaamka, husimamia uchumaji, huondoka na magunia. Mkulima akikosa mwaka huu, hana wa kumkopesha mwakani.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo hotuba haziitaji. Ahadi ya mkulima maskini ina mdai, na kwa hiyo hulipwa mpaka punje ya mwisho. Ahadi anayopewa na Rais haina mdai wa namna hiyo. Tena ya pili ndiyo inayozaa ya kwanza: iwapo kituo cha afya kilichoahidiwa kingekuwa na dawa, na iwapo chama cha ushirika kingelipa kwa wakati, wako ambao wasingeyauza maua ya kahawa yao.

Serikali ililiona tatizo, na si haki kusema ililala. Mwaka 2017 tozo 17 kati ya 26 zilizokuwa juu ya kahawa zilifutwa, na ushuru wa mazao ya biashara unaotozwa na halmashauri ukapunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Mwaka 2018 ikaamriwa kwamba kahawa yote ya Kagera ipitie kwenye vyama vya msingi na vyama vikuu, wanunuzi binafsi wasiende kwa mkulima, na butura ni marufuku. Nia ilikuwa njema. Lakini amri ilimwondoa mkopeshaji kabla ya kumleta mwingine, na malipo ya ushirika yalikuja kwa mafungu: la awali, kisha la pili baada ya kuuzwa. Ng'ambo ya mto bei ilikuwa ya papo kwa papo. Magunia yakavuka kwenda Uganda kwa njia za panya, usiku, kama yalivyovuka katika miaka ya sabini na themanini, na mkulima aliyeambiwa kwamba analindwa akajikuta anaitwa mlanguzi wa mali yake mwenyewe.

Kisha bei ikapanda. Mwaka 2024 robusta ilipita dola 5,000 kwa tani katika soko la London, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, kwa sababu ukame ulikuwa umepiga mashamba ya Vietnam na mavuno ya Brazil yakawa ya mashaka. Katika minada ya Karagwe mkulima alipata mara kadhaa ya alichopata miaka sita kabla. Majukwaa ya 2025 hayakuchelewa kulichukua jambo hilo kuwa ni ahadi iliyotimia. Minada ya wazi ilisaidia bei ya dunia kumfikia mkulima, na hilo ni la kuhesabiwa; lakini mvua ya Vietnam haimo katika ilani ya chama chochote. Rais asiyeweza kuipandisha bei hapaswi kulaumiwa ikishuka, na vivyo hivyo sifa zake zina mpaka.

Mwaka 2017 wataalamu wa siasa walichapisha uchunguzi wa ahadi zaidi ya 20,000 zilizotolewa katika kampeni 57 za nchi 12. Walikuta kwamba vyama vinavyoingia madarakani hutimiza zaidi ya raia wanavyodhani, na hasa pale chama kimoja kinapotawala peke yake bila mshirika wa kumzuia. Nchi zote 12 ni za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Tanzania imetawaliwa na chama kimoja pasipo mshirika tangu uhuru, na kwa kipimo hicho ingestahili kuwa bingwa. Kinachokosekana katika mizani ni kitu ambacho wachunguzi wale hawakulazimika kukitaja, kwa kuwa katika nchi zao kipo: woga wa kushindwa. Kiapo cha Rais katika Katiba ya 1977 ni cha kuilinda Katiba na kuwatumikia watu, na hakizitaji ahadi za jukwaani. Malengo ya taifa yaliyoandikwa humo, Katiba yenyewe inasema hayawezi kudaiwa mahakamani. Anabaki mpiga kura peke yake kuwa kadhi.

Wasomaji wa visiwani wanalo tukio lao la kulinganisha. Tarehe 30 Desemba 2005, akilifungua Bunge, Kikwete alisema atashughulikia mpasuko wa kisiasa wa Zanzibar. Miaka minne ilipita kwa vikao vilivyovunjika. Kilichotokea kilitokea tarehe 5 Novemba 2009, pale Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad walipokutana wao wenyewe. Na Julai 2010 asilimia 66 ya wapiga kura wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Deni lilikuwa la mmoja na waliolilipa wakawa wengine, kama lami ya Bugene. Miaka mitano baadaye uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa, na deni likarudi upya.

Samia Suluhu Hassan, mwana wa Unguja, aliapishwa Machi 2021 baada ya kifo cha mtangulizi wake, akarithi ahadi ambazo nyingi alizisikia akiwa mgombea mwenza. Kwa haki yake, vitu kadhaa vilivyokwama viliondoka mahali pake katika miaka yake, na vimekwisha kutajwa hapa. Lakini uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila ya chama kikuu cha upinzani, kiongozi wake akiwa kizuizini, na ulifuatwa na maandamano, mauaji na kukatwa kwa intaneti. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa asilimia 97. Ahadi zilizotolewa Kagera katika kampeni hiyo zimo katika kumbukumbu za watu. Mgombea anayepata asilimia 97 amekwisha kulipwa yote, na aliyelipwa yote mapema ndiye yule anayekutana na mkulima wa butura upande wa pili wa mizani.

Mwezi Mei 2023 Rais Samia na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha umeme cha Kikagati na Murongo kwenye mto Kagera, takriban megawati 14 ambazo nchi mbili hugawana nusu kwa nusu, kama punje za buni moja. Siku hiyo barabara ya kutoka Omugakorongo ilikuwa bado ni ya vumbi. Umeme ulivuka mto kabla ya lami kufika mtoni, na magunia ya kahawa yalikuwa yamevuka kabla ya vyote viwili.